Shajara ya Hiace: kutoka daladala hadi gari la kuwatembelea wenzangu, Mtwara na Lindi

Mimi ni fundi makochi na siti za magari, Mtwara mjini. Kazi nilijifunzia Keko, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa vijana watano wa kusini tuliopanga chumba kimoja: wa Newala, wa Ndanda, wa Lindi, wa Kilwa Kivinje, na mimi. Baadaye kila mmoja akarudi kwao, akafungua karakana yake. Tangu hapo, zaidi ya miaka ishirini, tumekuwa tukikutana misibani tu. Unapanda basi, unafika, mnazika, mnapeana mikono, unawahi basi la kurudi kwa sababu kuna kochi la mtu liko wazi mezani.

Mwaka 2023 tulimzika mwenzetu wa Lindi. Tukiwa bado tunapangusa mchanga mikononi, yule wa Ndanda akasema tusingoje mwingine ndipo tuonane. Nikajibu palepale kwamba nitatengeneza gari la kulala, niwafuate mmoja mmoja pamoja na mke wangu, nisimtie mwenyeji gharama wala nisihesabu hela ya gesti.

Naandika kila hatua inapokwisha, ili fundi mwingine anayetaka kufanya hivi huku kwetu kwenye chumvi, joto na mchanga asirudie makosa yangu.

10 Februari 2024: Gari limepatikana

Nimenunua Hiace ya zamani, injini ya dizeli ya 5L, giya za mkono, iliyokuwa daladala hapahapa mjini. Sh 9,800,000. Mwenye gari alikuwa mteja wangu. Siti zake nimezishona mara mbili, kwa hiyo sakafu yake naijua kuliko injini yake. Injini nimemwachia fundi ninayemwamini: ameiwasha ikiwa ya baridi, akaenda nayo Mikindani na kurudi, akasema chukua.

Karatasi zimechukua wiki mbili. Nimebadilisha jina kwenye kadi, nimelitoa gari kwenye biashara, nimevua pleti nyeupe na kufunga za njano. Hatua hii usiiruke. Ukiwa na pleti nyeupe halafu ndani kuna kitanda na masufuria, kila kizuizi utaulizwa leseni ya abiria.

2 Machi: Siti zimetoka, kutu imejitokeza

Kung'oa siti ni kazi ya siku moja. Chini ya mpira wa sakafu, upande wa mlango wa kuteleza, bati limeliwa hadi bisibisi inapenya. Gari hili limebeba wachuuzi wa samaki miaka mingi. Maji ya deli yenye chumvi yakimwagika huingia chini ya mpira na hayapati pa kutokea. Welda amekata sehemu nne, akaweka bati la milimita 1.5. Nilitaka kupaka rangi jioni ileile, akanizuia. Kwanza brashi ya waya, kisha dawa ya kutu, siku mbili za kukauka, rangi ya kwanza, ndipo rangi ya juu. Pamoja na kufuta mstari wa daladala ubavuni nimelipa Sh 620,000.

Reli za siti nimezikata nikaziuza kama chuma chakavu, Sh 60,000. Nitazirudia reli hizo huko mbele.

23 Machi: Joto

Kitanda, makabati mawili na mapazia ni kazi yangu ya kila siku, sina la kueleza. Fremu ni ya mbao za inchi mbili kwa mbili, plaiwudi ya milimita 12, na godoro la inchi nne nimelikata vipande vitatu. Urefu sentimita 185, upana 130.

Nilikosea ukutani. Nilinunua foili ile inayong'aa ya kuzuia joto, nikaibandika kwa gundi moja kwa moja kwenye bati, juu yake nikabana plaiwudi nyembamba. Usiku mmoja tulilala ndani uani kwetu kwa majaribio. Mtwara mwezi wa tatu hewa ni nzito hata ukilala barazani. Tulipoamka kula daku shuka zilikuwa zimelowa, na vioo vilikuwa vikitiririsha maji kwa ndani. Mke wangu akabeba mto wake akaingia nyumbani bila kusema neno.

Kijana anayetengeneza majokofu mtaani kwetu ndiye aliyenifafanulia. Foili hulirudisha joto lilikotoka pale tu inapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikigusana na bati, joto linapita kama linavyopita kwenye sufuria. Nimebandua kila kitu. Sasa kwenye mbavu za gari kuna vijiti vya unene wa sentimita mbili, foili imetandazwa juu ya vijiti, plaiwudi ndiyo ya mwisho. Nimepima kwa mkono tu: saa nane mchana ukuta wa zamani ulikuwa haugusiki, huu unagusika.

Maji ya kwenye vioo yalikuwa pumzi zetu. Watu wawili waliolala hutoa unyevu usiku kucha, na dirisha moja la pembeni haliutoi. Panatakiwa pa kuingilia hewa chini na pa kutokea juu. Kwa hiyo natoboa paa.

Mbao, plaiwudi na foili zimefika Sh 410,000. Kati ya hizo, Sh 140,000 ni vitu nilivyobandika kisha nikavitupa.

5 Mei: Paa baada ya Hidaya

Wiki nzima tulikuwa tunasikiliza matangazo ya kimbunga Hidaya. Kwetu Mtwara umekuja upepo na mvua. Kwa wenzetu wa Kilwa ni maafa: barabara ya kwenda Dar es Salaam imekatika na magari yamekwama. Mwenzangu wa Kivinje nimempata kwenye simu leo asubuhi. Wako salama yeye na watoto, ila karakana imeingia maji na sponji zote zimeharibika. Mbele ya habari hiyo naona haya kuandika juu ya kitanda changu kilicholowa, lakini nilichojifunza ni hiki.

Kitundu cha paa nilikikata katikati ya bati, mahali palipobonyea kidogo, kwa sababu ndipo palipokuwa juu ya kitanda. Maji ya mvua husimama hapohapo. Mfuniko niliuziba kwa silikoni ya madirisha ya nyumba, tena juu ya rangi ambayo sikuipiga msasa. Usiku wa mvua silikoni ilibanduka yote kama ganda la muhogo uliochemshwa.

Marekebisho ni mawili. Fundi bati amenitengenezea kingo inayosimama inchi moja na nusu kuzunguka kitundu, imechomelewa na paa, hivyo maji yanapita pembeni na mfuniko unaivalia kingo kwa juu kama kifuniko cha chungu. Pili, silikoni nimeitupa, nikatumia gundi nyeusi wanayobandikia vioo vya mbele vya magari, juu ya bati lililosuguliwa na kufutwa mafuta. Nimemwagia ndoo kumi, hakuna tone. Kutoboa mara ya kwanza na kurekebisha: Sh 95,000.

25 Mei: Umeme

Kwa kifupi, nimeua betri. Nilifunga feni, taa na chaji za simu kwenye betri ileile inayowasha gari. Usiku wa pili gari halikuitika, na betri yenyewe ilikuwa imechoka, haikufufuka. Betri mpya ya kuwashia, Sh 230,000.

Mpangilio wa sasa una betri ya pili ya saa-ampia 100 (Sh 260,000), paneli ya sola ya wati 100 (Sh 150,000), kontrola (Sh 45,000), nyaya na fyuzi (Sh 38,000). Betri mbili hazigusani kabisa. Ukitaka ya pili ichajiwe na injini pia, weka relei inayoziunganisha injini ikiwaka na kuziachanisha ikizimwa. Mimi nimeridhika na jua.

Fanya hesabu kabla ya kununua, hapo ndipo wengi hupoteza hela. Feni yangu ni wati 15, kwa saa nane ni wati-saa 120. Taa za wati 10 kwa saa nne ni 40. Simu mbili, tuseme 30. Jumla ni 190 kwa usiku. Betri ya saa-ampia 100 kwa volti 12 ina 1,200, na ya namna hii ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo nina 600. Hizo ni siku tatu hata mawingu yakitanda. Jokofu sikuweka. Nina deli na barafu ya buku mbili, samaki anafika.

Fyuzi iwe jirani na betri, si jirani na taa. Waya ukichunika njiani, fyuzi iliyo mwisho wa safari haikulindi.

22 Juni: Msimbati, safari ya majaribio

Tumeamua jaribio liwe karibu na nyumbani. Tumepita Madimba kwenye mtambo wa gesi, tukaingia Msimbati. Gesi ya hapa Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2000 eneo lote hadi mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna malipo ya kuingia. Ufukwe wenyewe siwezi kuueleza vizuri. Mke wangu alikaa chini ya minazi saa mbili hajatoa simu.

Nikalipeleka gari mbali kuliko linavyostahili. Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito wangu wa makabati uko nyuma. Mchanga ukashika hadi ekseli. Kila nilipokanyaga mafuta nilikuwa najichimbia. Wavuvi watano wakaja. Mzee wao akaniambia nizime injini, wao wakafukua mbele ya matairi kwa mikono na kutandika makuti. Kisha akasema, "Toa upepo, mwanangu, toa usiogope." Nikashusha kutoka psi 45 hadi kama 20. Tairi likatandazika, gari likatoka polepole kwa giya ya pili. Hawakutaka hela. Tukawapikia chai na mihogo, tukanywa nao.

Sikuwa na pampu ya kurudishia upepo. Nimeendesha kwa mwendo wa mguu mpaka kijijini, nikaazima pampu ya bodaboda, matairi manne, jua la saa saba. Pampu imeshaingia kwenye sanduku la vifaa, pamoja na mbao mbili za kuweka chini ya jeki. Na ukitoka baharini osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kulala kumekwenda vizuri. Upepo wa bahari uliingia chini, ukatokea juu, vioo vikavu asubuhi.

13 Julai: Newala, na kosa ambalo halikuwa la spana

Lami imetufikisha Mnivata, kilomita 50 kutoka Mtwara, na kuanzia hapo lilikuwa vumbi la ujenzi hadi Tandahimba na Newala. Mikorosho yote ilikuwa na maua. Nimebeba madumu matatu ya maji ya lita 20, kwa sababu uwanda wa Makonde uko juu na mchanga wake haushiki maji. Wazee wa Newala wanakumbuka mama zao wakiteremka bondeni usiku na kupanda na mitungi kichwani alfajiri. Mabomba yapo siku hizi, lakini dumu la maji bado linapokelewa kwa mikono miwili.

Tumefika saa kumi. Mwenzangu alitoka karakanani na mkasi mkononi, akanikumbatia nao. Tumekula ugali wa muhogo na kuku, na ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha iliyotangulia ili kutuliza njaa. Mpaka saa nne usiku tulikuwa Keko, kwenye chumba kile, na yule wa Lindi akiwa hai.

Kisha nikasimama, nikasema haya, tunaenda kulala garini.

Kimya. Mwenzangu akaangalia chini. Mke wake ndiye aliyesema.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

Nikamweleza: gari lina kitanda, lina feni, hatutaki kuwasumbua. Kila neno nililoongeza lilizidi kuharibu. Alikuwa ametoa watoto chumbani tangu asubuhi, ametandika shuka mpya. "Kesho majirani wataamka waone mgeni wangu anatoka kwenye gari nje ya mlango wangu kama mlinzi. Nitawaambia nini?" Na mwenzangu akaongeza, kwa upole, jambo lililonichoma zaidi: "Fundi, umekuja kwangu, au umekuja kuegesha?"

Tumelala ndani. Nilikaa macho muda mrefu. Miezi mitano nimepiga msasa, nimeziba, nimepima waya, na sikuwahi kumuuliza mwenyeji hata mmoja kama anataka nilale nje. Niliita kule kutomsumbua. Yeye aliona nimemfungia mlango kabla hajaufungua.

Tangu leo kanuni yetu ni hii, nawe ichukue kama ilivyo: gari hulaliwa pasipo na mwenyeji. Penye mwenyeji, gari linabeba zawadi, maji, unga, sukari na samaki wa barafu, halafu linafungwa.

Asubuhi nimejifunza jingine dogo. Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, na mashine zinaanza kulia alfajiri umande ukiwa bado majanini. Wavu wa mbu hauzuii salfa. Nilikuwa nimeacha kitundu cha paa wazi, godoro zima lina unga wa njano na macho yanawasha. Kuanzia Juni hadi Septemba ukiwa mashambani, funga kila kitu saa kumi alfajiri.

Kabla ya kuondoka mwenzangu alitupeleka Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini hadi Msumbiji. Alitaka kuja nasi hadi Ndanda kumwona mwenzetu. Nikafungua mlango wa nyuma, tukaangalia pamoja. Kuna kitanda na makabati, hakuna pa kukaa mtu. Kumlaza kitandani gari likienda ni kumweka kwenye hatari, sikukubali. Akasema haidhuru, safari nyingine. Alibaki amesimama barabarani mpaka vumbi likamficha.

16 Julai: Mteremko, Masasi, Ndanda

Kushuka kutoka Newala kuelekea Masasi nilitumia breki kama ninavyozitumia mjini. Katikati ya mteremko pedali ikaanza kuwa laini, ikazama. Nikatia giya ya pili, kisha ya kwanza, nikavuta breki ya mkono kidogokidogo, gari likasimama kwenye changarawe. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa harufu ya kuungua. Mke wangu aliteremka akakaa chini ya mti, nami nikakaa naye, tukangoja saa nzima.

Masasi fundi amekuta mambo mawili. Oili ya breki ilikuwa ya zamani, imefyonza maji, na maji yakichemka hugeuka mvuke, ndiyo maana pedali inazama. Na pistoni ya breki ya mbele kulia imekwama, hivyo gurudumu lilikuwa limeshikwa hata nisipokanyaga. Oili mpya, padi, kifaa cha pistoni, na viatu vya breki za nyuma: Sh 345,000. Mtu akiniuliza leo aanze na nini kwenye gari la daladala, nitamwambia breki, kabla hajanunua msumari wa kitanda. Uzito wa mbao ni wa kudumu, haushuki kituoni kama abiria.

Tukingoja fundi tumekwenda Mtandi, kanisa la Anglikana chini ya mwamba. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakajenga hapa. Ndiye Steere huyohuyo wa kamusi na sarufi za mwanzo za Kiswahili. Kesho yake tulipita Lupaso kwenye kaburi la Rais Benjamin Mkapa. Pametulia.

Ndanda tumekaa usiku mbili, ndani ya nyumba, bila ubishi. Mwenzangu anashona viti vya kanisa. Misheni ya Wabenediktini ipo hapa tangu 1906 na maji yanateremka mlimani mwaka mzima, jambo ambalo baada ya Newala unalihisi mwilini. Yeye naye akauliza, "Twende wote Lindi?" Kitanda. Makabati. Hapana nafasi. Nikamjibu kama nilivyomjibu wa Newala, na safari hii maneno yalinikwama.

3 Agosti: Lindi na Tendaguru

Tumemtembelea shemeji, mjane wa mwenzetu. Tumesoma dua kaburini. Ametuonyesha karakana: mashine ya kushonea imefunikwa kanga, na kijana wake mkubwa ameanza kuitumia. Nimekaa naye siku nzima nikimfundisha kukata kona za sponji, kama baba yake alivyonifundisha mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetushinda wote kwenye kona.

Kijana akataka kutuonyesha Tendaguru. Tumelipeleka gari upande wa Mipingo mpaka njia ilipogeuka korongo lililochimbwa na mvua za mwaka huu. Bampa likagusa, nikarudi nyuma. Tumeliacha kwa watu kijijini, tukachukua bodaboda mbili. Usijaribu na Hiace, hata kiangazi.

Ukifika unaona kilima, nyasi na msitu. Lakini ndipo alipotoka mjusi mkubwa, dinosaria. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa imechomoza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu wa Berlin, Werner Janensch na wenzake, wakachimba. Waliochimba hasa ni mamia ya watu wa huku, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa za mguu, hadi bandari ya Lindi. Mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake umepita mita 13. Kijana aliniuliza kama wapagazi walijua wanabeba nini. Nimekaa na swali lake njia nzima ya kurudi.

Jioni shemeji akasema tangu atoke eda hajafika popote zaidi ya sokoni. Akaliangalia gari. Hakuomba. Mke wangu aliniangalia mimi.

24 Agosti: Kitanda kimevunjwa, siti zimerudi

Niliahidi kuzirudia reli. Nilizouza kwa Sh 60,000 nimezinunua mfano wake, tena zilizochakaa, kwa Sh 130,000. Pamoja na mikanda mitatu, chuma, sponji na kitambaa, kazi nzima ni Sh 390,000. Hii ndiyo sehemu ninayoweza kuieleza nikiwa na uhakika wa kila kipimo.

Ni benchi la watu watatu linalokunjuka kuwa kitanda. Kina cha kukalia ni sentimita 48, mgongo 60, urefu kutoka sakafuni 42. Mgongo umelazwa nyuma kidogo, kama nyuzi 15. Ukiusimamisha wima, mtu anashuka Kilwa kiuno kimekufa. Fremu ni ya bomba la mraba la inchi moja na robo, si mbao. Mbao hupasuka gari likigonga. Kukunjua: unavuta kikalio mbele juu ya reli, mgongo unalala mahali pake, kipande cha tatu cha godoro kinaziba pengo.

Mara ya kwanza niliweka sponji laini ya kochi la sebuleni. Nilipokalia dakika ishirini nikahisi bomba. Siti ya gari inataka tabaka mbili: ngumu inchi mbili na nusu chini, laini inchi moja juu. Ukilala juu yake pia ni nzuri zaidi kwa mgongo.

Mikanda usiifunge kwenye fremu wala kwenye bati tupu la sakafu. Nimetumia boliti za milimita 12 na chini ya sakafu kuna bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 kwa kila boliti, ili mvuto ukija usichane bati. Kabati moja limeondoka kabisa, na gari limepungua uzito. Nimelipeleka kwa wakaguzi wa magari wa polisi, wakavuta kila mkanda, wakaandika kuwa ni zima.

17 Septemba: Kilwa, watu watano

Wa Newala alishuka kwa basi mpaka kwangu. Wa Ndanda alitungoja Mnazi Mmoja, njia panda ya Mingoyo, na begi dogo na gunia la machungwa, kisha shemeji tukamchukua Lindi. Kuanzia hapo sikusikia injini tena kwa mazungumzo. Njiani kulikuwa na mahali barabara bado inaonyesha vidonda vya Mei, tukaenda polepole. Breki hazijanisumbua.

Tumefikia Kivinje kwa mwenzetu. Karakana imekauka, alama ya maji iko ukutani juu ya goti. Wa Newala alimletea roli mbili za kitambaa, mimi sponji. Shemeji akampa mkasi wa marehemu. Mwenye karakana alitoka nje kwanza ndipo akarudi kuupokea.

Jumapili, baada ya kibali, boti ikatuvusha kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa 1331 akausifu mji. Tumetembea Msikiti Mkuu chini ya matao, ngome iitwayo Gereza, kisha kasri la Husuni Kubwa na bwawa lake la pembe nane. Mwongozaji alituambia jiwe la matumbawe likitolewa baharini likiwa bichi hukatika kirahisi, likipigwa na hewa linakuwa gumu. Mafundi wanne tukasimama tukipapasa ukingo mmoja wa tao muda mrefu. Shemeji akasema, "Mwenzenu angepima kwa shibiri." Kweli angepima.

Usiku ule ulikuwa wa maulidi. Wanaume tuliporudi, yule wa Ndanda alikuwa bado macho akitusubiri. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, wanawake na watoto wamelala hadi ukumbini. Basi tukaingia garini wanne, watatu kwenye benchi, mimi juu ya deli. Tukawasha taa moja na kukaa humo mpaka adhana ya alfajiri. Mwenyeji mwenyewe alikuwa mmoja wetu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuona vibaya.

Jumla mpaka leo, bila mafuta wala ada za njiani, ni Sh 12,383,000. Betri imefika asubuhi ikiwa na nguvu baada ya usiku mzima wa taa na feni.

Lililobaki: pazia la mlango wa kuteleza linakwama kwenye reli yake, na ngazi ya kupandia ni ya juu mno kwa shemeji, naishusha sentimita nane wiki hii. Wa Newala anatutaka Novemba, mabibo yakiwa chini ya kila mkorosho. Mkewe ameshapiga simu kuuliza tutakuwa wangapi, ajue atandike vyumba vingapi. Nimemjibu watano.